Paka shume au mbuzi mawe: ukitaka kumfuatilia mnyama mmoja mwaka mzima, uanze na nani?

Kuna watu wamechoka na zile safari za kukimbizana na simba, magari kumi yamemzunguka mnyama mmoja, dakika tano watu washapiga picha na kuondoka na hamna walichojifunza. Wanataka kitu cha taratibu. Wachague mnyama mmoja, wamrudie mara kwa mara, wamjue kwa sura, wawe na daftari la kuandika anachofanya na saa anayofanya. Na nimeona wengi wakifika hapo wanakwama kwa wanyama wawili ambao ukiwatazama juu juu hawana hata uhusiano: paka shume wa mitaani na mbuzi mawe wa majabalini.

Mi nawapenda wote wawili na nadhani wote wanafaa kuanzia, ila wanamfaa mtu tofauti na maisha tofauti. Kwa hiyo nawalinganisha kwa vipimo vilevile: urahisi wa kumpata, pesa na vifaa, kama unaweza kumtambua mmoja mmoja, kitu gani hasa utakiona ukiwa na subira, hatari zake, na madhara yako wewe kwake, maana hilo la mwisho watu hulisahau kabisa.

Kwanza tuelewane majina. Paka shume ninayemsema hapa ni paka yuleyule wa nyumbani kwa ukoo, lakini hana mwenyewe, kazaliwa mtaani au kaachwa, anajitafutia. Usimchanganye na kimburu, yule paka pori wa Afrika mwenye miguu mirefu na nyuma ya masikio kwekundu, ambaye anakaa porini na hata watu wengi hawajawahi kumuona. Na mbuzi mawe, wengine wanamwita ngurunguru, ukoo wake ni wa swala, ni mdogo tu, wengi wako kama kilo kumi au kupita kidogo, na maisha yake yote ni kwenye mawe na miinuko mikali. Kuna sehemu anaishi juu sana, mita 4,000 na zaidi.

Ili tusizungumze hewani nachukua sehemu mbili za Kenya ambazo mtu anafika bila kuwa na gari lake: mji wa kale wa Lamu kwa paka, na hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha kwa mbuzi mawe. Kama uko Unguja basi Darajani na Forodhani zinakutosha kwa paka, Mombasa una Mji wa Kale, na ndugu zetu walioko Muscat wana paka wa Mutrah karibu na soko la samaki. Mbuzi mawe Tanzania wako Serengeti upande wa Lobo na kwenye miteremko ya juu ya Mlima Meru, Uganda wako Lake Mburo, Rwanda wako Akagera.

Kumpata

Paka Lamu humtafuti, yeye ndo atakukuta. Mji hauna barabara za magari ndani, ni vichochoro na punda, kwa hiyo paka wanalala katikati ya njia bila wasiwasi. Nenda ufukweni asubuhi mashua zinapoleta samaki, kaa pembeni, utaona paka wameshapanga nafasi zao kabla hata samaki hawajashushwa. Jua likiwa kali wanapotea kwenye vivuli na juu ya mapaa, alafu jioni wanarudi tena. Siku ya kwanza tu utakuwa umeona wengi kuliko unavyoweza kuwaandika.

Mbuzi mawe ni kazi. Hell's Gate unaingia kwa geti la Elsa, unakodi baiskeli, unafuata njia inayopita chini ya majabali. Pundamilia, nyati na swala wako uwandani wala huna shida nao, ila mbuzi mawe rangi yake na rangi ya mwamba ni moja, akisimama kimya unaweza kumpita mara tatu. Ujanja ni kutotafuta mnyama, tafuta umbo: vitu viwili vidogo vimesimama kwenye ukingo wa jiwe, miguu imekusanywa pamoja. Wakati mwingine utaambulia pimbi tu, na itabidi ukubali. Ila kuna jambo moja zuri ambalo watu hawalijui, mbuzi mawe ana eneo lake na halihami. Ukishawapata kwenye jabali fulani, mwezi ujao nenda jabali lilelile, uwezekano wa kuwakuta palepale ni mkubwa. Kwa hiyo ugumu wote uko mwanzoni.

Pesa na vifaa

Kwa paka simu inatosha. Kabisa. Vichochoro vina giza kwa hiyo ukiwa na kamera tafuta lenzi inayopokea mwanga mwingi, lakini usinunue kitu kwa ajili hiyo, anza na simu na daftari. Gharama kubwa ni ya kufika kama hukai huko: ama ndege mpaka Manda uvuke kwa boti, ama basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe kisha boti, na kwa hiyo njia ya barabara uliza kwanza hali ya usalama ilivyo wiki hiyo. Lakini nani kasema lazima Lamu? Paka wako mtaani kwako saivi unaposoma hapa.

Mbuzi mawe anataka darubini, ile ya kawaida ya 8x42 (inayokuza mara nane) inafaa, na kama unataka picha ya maana basi lenzi ya kuanzia milimita 300, simu itakupa nukta tu kwenye mwamba. Kuna kiingilio cha hifadhi kila ukienda, unalipia eCitizen, ile tovuti ya serikali ya Kenya, na bei ya mwananchi, mkazi na mgeni ni tofauti, cheki kabla ya kutoka maana zinabadilika. Ongeza nauli ya matatu ya Naivasha, baiskeli, maji na chakula. Ukienda kila mwezi kwa mwaka mzima hesabu inakuwa si ndogo, kwa hiyo piga bajeti ya mwaka, sio ya safari moja.

Kumtambua mmoja mmoja

Hapa paka anashinda wazi na sioni haja ya kuzunguka. Rangi, madoa, sikio lililochanika, mkia uliopinda, kila mmoja ana alama zake, kwa wiki moja unaweza kuwa na orodha ya majina. Na ukiona paka ambaye ncha ya sikio moja imekatwa ikanyooka, hiyo ni alama ya kwamba alishategwa, akafungwa kizazi na kurudishwa mahali pake, iandike kwenye daftari kwa sababu itakusaidia kuelewa kwa nini kundi fulani haliongezeki.

Mbuzi mawe unamtambua kwa anuani zaidi kuliko sura. Yaani wawili wa jabali la kushoto, wawili wa pale kwenye mpasuko. Kwenye pembe angalia vizuri: sehemu nyingi dume pekee ndo ana pembe, lakini kuna maeneo ya Afrika Mashariki majike nao wanakuwa nazo, kwa hiyo usiandike "madume wawili" haraka haraka kisa umeona pembe nne.

Utaona nini ukiwa na subira

Hiki ndo kipimo ninachokijali kuliko vyote maana vifaa vinanunulika, ila ukikosa cha kuona utaacha mwezi wa pili.

Anza na paka. Watu wanadhani paka ni mnyama wa peke yake, na akiwa anawinda ni kweli, ila palipo na chakula cha uhakika kama mashua za samaki wanaishi kwa makundi na uti wa kundi ni majike wa ukoo mmoja, mama na mabinti na madada. Utakuta majike wawili wana watoto pahali pamoja na wananyonyesha bila kubagua huyu wa nani. Madume wanazunguka mbali zaidi, wanaingia eneo hili na kutoka lile. Angalia mikia: paka anayemkaribia mwenzake mkia ukiwa umesimama wima anakuja kwa amani, wakifika wanagusana pua au wanasuguana vichwa. Ukikaa pale matumbo ya samaki yanapotupwa angalia nani anasogea kwanza, nani anangoja, nani ananyakua na kukimbilia kichochoroni badala ya kulia pale pale. Hao wa kunyakua na kukimbia mara nyingi ni wageni wa kundi au wachanga, na ukiwaandika miezi kadhaa utaona wengine wamepata nafasi.

Alafu kuna somo la vinasaba ambalo halihitaji maabara. Rangi ya chungwa na nyeusi kwa paka inabebwa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili na dume ana moja, kwa hiyo jike anaweza kuwa na rangi zote mbili mwilini, ndo maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na paka wa chungwa wengi ni madume. Hesabu mtaani kwako uone. Kama una watoto nyumbani wape hiyo kazi, watajifunza kitu ambacho shuleni wanakikariri tu. Na ukitaka kwenda nyuma zaidi, utafiti wa vinasaba uliotoka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na Felis lybica, yaani jamaa wa huyuhuyu kimburu wetu. Hata aina ya paka inayoitwa Sokoke inayofugwa Ulaya na Marekani ilianzia huku pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambapo Jeni Slater alichukua watoto wa paka mwaka 1978, na Wagiriama, wenyeji wa huko, walikuwa wanawajua hao paka wa rangi ya gome la mti tangu zamani kabla ya mtu yeyote kuwaandikisha.

Sasa mbuzi mawe. Huyu mambo yake ni ya wawili. Dume na jike wakishakaa pamoja hawaachani, mara nyingi wako mita chache tu mmoja kutoka kwa mwenzake, siku nzima, na wanaweza kuishi hivo miaka. Mmoja akila mwingine anasimama juu ya jiwe anaangalia, na mlinzi mara nyingi ni dume. Akitokea chui au tai mweusi utasikia mluzi mkali, wa kwanza anapiga, wa pili anajibu, zamu kwa zamu, nao wamesimama juu kabisa wanaonekana. Unaweza kujiuliza mbona wanajitangaza. Inaonekana ujumbe wenyewe ni kwa adui: tumeshakuona, kuvizia kwako kumekwisha. Ukiusikia huo mluzi acha kuwatazama wao kwa muda, geuza darubini utazame kule wanakoelekeza nyuso, huko ndo kuna mambo.

Tazama miguu kwa darubini. Anasimama kwenye ncha kabisa ya kwato, kama aliyevaa viatu vya mchuchumio, na ndo maana kwato zote nne zinaenea mahali padogo mno pa jiwe. Manyoya yake nayo ni ya ajabu, yana uwazi ndani na yanakatika kirahisi, yanamkinga na baridi ya juu na jua la kwenye mwamba, na zamani watu waliyatumia kujazia matandiko ya farasi.

Ila kitu ambacho ningependa kila mtu akione kwa karibu angalau mara moja ni namna anavyoweka alama. Mbele ya jicho ana tezi, shimo jeusi linaloonekana vizuri. Anakwenda kwenye kijiti kikavu, anageuza uso taratibu sana, anaiingiza ncha ya kijiti ndani ya lile tundu, yaani kitu chenye ncha kabisa na kiko jirani na jicho, anatoa, na pale juu inabaki tone jeusi linalonata kama lami. Mwenzake anakuja naye anaongeza lake. Eneo lao lote limezungushwa vijiti vya namna hiyo pamoja na marundo ya kinyesi. Na kuna kupe wamejifunza harufu ya hayo matone, wanakusanyika kwenye vijiti hivohivo kumngojea arudi. Ukiwa na mwaka mzima unaweza kuchora ramani ya eneo lao kwa kufuata wanapoweka alama tu, ukiwa umesimama njiani mbali na bila kupanda jiwe hata moja.

Na watoto? Paka jike anabeba mimba kama miezi miwili, anazaa kadhaa kwa mpigo na anaweza kurudia mwaka huohuo, kwa hiyo ukikosa uzao mmoja utapata mwingine, ila jiandae moyo maana watoto wengi wa paka shume hawafiki utu uzima na utakuwa umeshawapa majina. Mbuzi mawe anazaa mmoja tu, baada ya mimba ya kama miezi saba, na mtoto anafichwa kwenye mawe kwa wiki nyingi. Siku utakayoona watatu badala ya wawili kwenye lile jabali lako, tarehe hiyo ipigie mstari.

Hatari

Paka akikuuma au kukukwaruza usichukulie poa. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, alafu nenda hospitali hapohapo waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, maana pamoja na jina lake ugonjwa huo hata paka wanaupata na wanauambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka wala mchanga wanapojisaidia, kwa sababu ya toksoplazma, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mengine ni ya kibinadamu zaidi: uko kwenye vichochoro vya nyumba za watu, salimia, omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera barazani, na wanawake usiwaingize kwenye picha yako ya paka.

Mbuzi mawe mwenyewe hana neno na wewe, hatari ni mahali anapoishi. Nyati wapo, chui wapo, mawe yanateleza, usimfuate juu ya jabali. Na mvua ikinyesha, hata kama inanyesha mbali huko milimani, usiingie lile korongo la Hell's Gate, maji yanakuja ghafla na yameshaua watu, 2012 na tena 2019. Msikilize askari wa hifadhi akisema hapana. Mlima Meru huruhusiwi kupanda bila askari mwenye silaha, na Serengeti unabaki garini, kwa hiyo uhuru wa kukaa chini ya jabali na daftari sio wa kila mahali.

Madhara yako kwake

Paka ukimlisha ili akae sawa kwa picha unabadilisha kile unachotaka kukijua, na ukiondoka wiki ijayo anabaki na mazoea bila chakula. Kama unataka kusaidia, changia kumfunga kizazi, hapo utakuwa umemsaidia yeye na watoto ambao wangekufa njaa. Na hilo lina sababu nyingine: paka shume anaua ndege, mijusi na panya, na akifika kando ya pori anazaliana na kimburu, taratibu damu ya kimburu inapotea. Usihamishe paka kumpeleka porini eti ukampe uhuru. Tafadhali.

Mbuzi mawe ukimkaribia sana anakimbia, na kila akikimbia amekatishwa kula, na kama ana mtoto aliyefichwa unaweza kumuonyesha adui alipo. Akiacha kula na kukukazia macho, umeshamkaribia kupita kiasi, rudi nyuma. Mlio wa simu wa kumuita mnyama usiutumie. Na ukijua sehemu mtoto alipofichwa usiweke mahali kamili kwenye mitandao.

Sasa chagua kwa hali yako

Una kazi ya kuajiriwa, unapata saa moja asubuhi au jioni na hela ya ziada hamna: paka, na wa mtaani kwako, usisubiri Lamu. Mara mbili kwa wiki palepale kwa saa ileile itakufundisha kuliko wiki moja ya likizo.

Unaishi Nairobi, Nakuru au Naivasha, una Jumamosi moja kwa mwezi na bajeti ya kiingilio: mbuzi mawe. Safari mbili za kwanza zitumie kutafuta jabali lenye wawili wako, na ukishalipata acha kuhangaika na mengine.

Wewe ni mtu wa picha na una lenzi ndefu imekaa tu: mbuzi mawe asubuhi na mapema, jua likipiga mwamba kwa ubavu. Una simu tu: paka, wala usijione umekosa.

Una watoto wa shule: paka kwa ajili ya rangi na hesabu, lakini wakubaliane nawe kwamba hawashiki. Wakifika umri wa kuendesha baiskeli kilomita kadhaa bila kulalamika wapeleke Hell's Gate.

Wewe ni mwanafunzi unatafuta mada ya utafiti: paka anakupa data nyingi kwa muda mfupi, watu wachache wameandika kuhusu makundi ya pwani yetu, na unaweza kufanya kazi pamoja na daktari wa mifugo wa eneo. Mbuzi mawe ana maswali mazuri zaidi ya eneo na alama, ila wanyama ni wachache na ruhusa ya utafiti ndani ya hifadhi inachukua muda, anza kuiomba mapema sana kabla ya muhula kuanza.

Wewe ni mtu wa kuumia roho haraka: fikiria vifo vya watoto wa paka kabla hujaanza kuwapa majina. Wenye moyo huo nimeona wanadumu zaidi na mbuzi mawe.

Na kama mguu, goti au pumzi haikuruhusu miinuko, bado Hell's Gate inawezekana kwa gari ukiwa na mtu wa kukuendesha, majabali mengine yanaonekana toka njiani. Ila ufukweni kwa mashua za samaki kuna baraza la kukaa, na paka wanakuja wenyewe.

Wa kuanza leo, chukua daftari, andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, wangapi, wanafanya nini. Safu sita tu. Kama ni paka ongeza ya saba: ncha ya sikio imekatwa au haijakatwa. Kama ni mbuzi mawe, ya saba iwe: nani alikuwa analinda.